Waliohesabu Pumzi

Kwa muda mrefu hospitali za London hazikutaka watoto wadogo. Ziliogopa surua na kifaduro visienee wodini, na zilijua vilevile kwamba mtoto anataka mtu wa kukaa naye usiku na mchana, mtu ambaye zenyewe hazikuwa naye. Mtoto wa maskini akaugulia nyumbani na mara nyingi akafia hukohuko. Paris ilitangulia kwa kufungua hospitali ya watoto wagonjwa mwaka 1802. London ilingoja hadi Februari 14, 1852, daktari Charles West alipofungua hospitali yenye vitanda 10 katika nyumba moja ya mtaa wa Great Ormond. Miaka 2 baadaye akaandika kitabu kidogo cha kuwaelekeza wanaowauguza watoto. West alishaona kwamba mgonjwa asiyeweza kusema anaumwa wapi hutibiwa kwanza na macho ya aliyekaa naye. Kilio chake, rangi ya midomo, jinsi pua inavyotanuka na anavyolala vilikuwa maelezo yake yote.

Habari za kifua, damu na moyo wa watoto husimuliwa zaidi kama habari za mashine na wapasuaji wakubwa. Sizikatai, na baadhi nitazisimulia mwenyewe. Lakini nikipima kwa idadi ya watoto waliobaki hai, naona kazi kubwa ilikuwa ile ya kutazama, na jinsi ilivyotoka mikononi mwa daktari ikaenda kwa muuguzi, ikafika kwa mhudumu wa kijiji, na mwisho kwa mama.

Katika karne ya 19 nimonia haikuwa na dawa. Uuguzi ndio uliokuwa tiba yenyewe: kumwinua mtoto kichwa na mabega, kumpa maji kidogo kidogo, kumlinda na baridi bila kumfungia kwenye chumba chenye moshi. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, aliweka hewa safi mbele ya kila jambo. Oksijeni ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1770, lakini kuifikisha kwa mgonjwa kwa mpango ni jambo la karne ya 20, lilipokuja hema lililofunika kitanda na hewa hiyo ikapitishwa ndani.

Mwaka 1928 huko Boston, Marekani, pafu la chuma lilitumika kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa kike wa miaka 8 ambaye polio ilikuwa imemlemaza misuli ya kupumua. Lilikuwa pipa kubwa lililomeza mwili mzima na kuacha kichwa tu nje. Muuguzi alilazimika kumhudumia mgonjwa kupitia matundu ya pembeni, amgeuze na kumsafisha huku mashine ikiendelea kuvuta na kusukuma. Copenhagen ilipovamiwa na polio mwaka 1952, hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno kwa idadi ya wagonjwa. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri koo lifunguliwe, mpira uingizwe, na hewa isukumwe kwa mkono kwa kubana mfuko. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu wiki hadi wiki, kila mmoja ameketi kando ya kitanda akibana na kuachia. Kabla ya hapo, takriban wagonjwa 87 kati ya kila 100 walioshindwa kupumua walikufa. Baadaye idadi hiyo ilishuka hadi karibu 25. Wodi za wagonjwa mahututi za leo zilizaliwa katika zamu zile, na tusisahau kwamba mashine yao ya kwanza ilikuwa kiganja cha kijana.

Watoto njiti walisubiri zaidi. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikufa siku 2 tu baada ya kuzaliwa kwa sababu mapafu yake hayakuwa yamekomaa, na ikulu yote ya Marekani haikuwa na la kumfanyia. Mary Ellen Avery alikuwa ameonyesha mwaka 1959 kwamba watoto hao wanakosa utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco wakaeleza njia ya kuvishikilia vifuko hivyo wazi kwa hewa yenye mgandamizo mdogo usiokatika. Njia hiyo ilipofika nchi maskini ilirudi kwenye vitu vya dukani. Huko Dhaka, Bangladesh, daktari Mohammod Chisti alizamisha ncha ya mpira kwenye chupa tupu ya shampuu iliyotiwa maji. Mtoto akitoa pumzi, mapovu yanachemka, na kina cha maji ndicho mgandamizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watoto 4 kati ya kila 100 wenye nimonia kali waliowekewa chupa hiyo walikufa, wakati kwa waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 15. Chupa haina king'ora. Mapovu yakinyamaza, muuguzi ndiye anayepaswa kuona.

Lakini watoto wengi wenye nimonia hawakufia hospitalini, walifia njiani au nyumbani kabla mtu hajajua kwamba kikohozi kimegeuka kuwa kitu kingine. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Huko Goroka, Papua New Guinea, Frank Shann na wenzake walijiuliza swali linaloonekana dogo: mtu asiye na eksirei wala kifaa cha kusikilizia kifua atamtambuaje mtoto mwenye nimonia kati ya makumi wenye mafua? Jibu lao, lililochapishwa mwaka 1984, lilikuwa kuhesabu pumzi na kuangalia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka inayotumika hadi leo: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Kuhesabu huko kunaonekana rahisi mpaka ujaribu. Mtoto awe ametulia, asiwe ananyonya wala kulia. Shati linapandishwa, macho yanatua mahali pamoja, tumboni au kifuani, na saa inatazamwa dakika nzima, kwa maana mtoto mchanga hupumua mbio kisha akasita, na anayehesabu nusu dakika na kuzidisha mara 2 atadanganyika. Foleni ya kliniki ikifika mlangoni, dakika hiyo ndiyo ya kwanza kuibiwa. Nimewahi kuona kadi zilizoandikwa pumzi 40 kwa kila mtoto, mstari kwa mstari, na hakuna aliyeshangaa.

Bagamoyo, Tanzania, ilikuwa kati ya sehemu za kwanza duniani kuipeleka kazi hii vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, F. D. Mtango na D. Neuvians waliendesha mradi ambapo wahudumu wa afya wa vijiji walipita nyumba kwa nyumba, wakawafundisha akina mama dalili za hatari na kuwapa wenye nimonia kotrimoksazoli, ile inayoitwa septrini mitaani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986, na yalionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikipungua. Wakati huo walikuwapo wataalamu walioamini kwamba dawa za kuua bakteria zisiguswe na mtu asiye na cheti. Bagamoyo ilisaidia kuwajibu.

Kwa upande wa damu, hadithi inaanzia Chicago mwaka 1910, James Herrick alipoandika habari za kijana kutoka Grenada ambaye chembe zake za damu zilikuwa zimepinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling alionyesha kwamba kasoro iko kwenye himoglobini yenyewe. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alirudi na msafara wa Oxford na kukuta jambo la ajabu: waliobeba chembe za mundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Kufikia mwaka 1954 alikuwa amethibitisha kwamba kubeba urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja humkinga mtoto na malaria kali. Anayeurithi kwa wazazi wote 2 ndiye huugua sikoseli.

Ugunduzi huo wote haukumwokoa hata mtoto mmoja wa sikoseli. Waliokuwa wakifa walikufa kwa maambukizi ya ghafla au kwa bandama kuvimba na kufyonza damu yote kwa saa chache. Mwaka 1986 Marilyn Gaston na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara 2 kwa siku hupunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Jamaika, chini ya Graham Serjeant, ilikuwa imewapima watoto wachanga 100,000 mjini Kingston kuanzia mwaka 1973, na hapo kliniki ilifanya jambo ambalo kwangu linazidi maabara nyingi kwa uzito: iliwafundisha akina mama kupapasa bandama. Mama anaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, anajifunza ukubwa wa kawaida wa mwanawe, na siku ukizidi huku mtoto amepauka, haulizi mtu, anambeba kwenda hospitali. Vifo vya bandama vilishuka sana.

Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na tangu mwaka 2004 Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu. Dawa ya sikoseli iitwayo hidroksiurea nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyotoka mwishoni mwa mwaka 2018 yaliondoa hofu kwamba dawa hiyo haifai palipo na malaria.

Mtoto aliyepungukiwa damu humtega muuguzi kwa namna nyingine. Moyo wake unakwenda mbio, miguu ni ya baridi, na mkono wa kila mtu unakimbilia dripu. Vitabu vilisema mtoto mwenye dalili hizo amiminiwe maji ya mshipani haraka. Kisha ukaja utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Takriban theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Matokeo ya mwaka 2011 yaliwashtua wengi: kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji, karibu 11 walikufa ndani ya saa 48; kati ya waliowekewa taratibu, 7. Katika mpira wa dripu wa watoto, unaotoa matone 60 kwa mililita 1, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na idadi ya mililita kwa saa. Hesabu hiyo muuguzi huijua kwa moyo, na tangu FEAST tunajua kwamba kuikosea si kosa dogo.

Kuhusu moyo nitapita haraka, maana sifa zake zimeandikwa sana. Robert Gross alifunga mshipa wa karibu na moyo uliokataa kujifunga baada ya mtoto kuzaliwa, Boston, mwaka 1938. Novemba 29, 1944, huko Baltimore, Alfred Blalock alimpasua mtoto wa miezi 15 aliyekuwa wa buluu kwa damu kukosa oksijeni, kwa wazo la daktari Helen Taussig, huku Vivien Thomas, fundi mweusi asiye na shahada, akisimama nyuma yake na kumwelekeza. Taussig alikuwa na uziwi. Mapigo ya moyo aliyasoma kwa viganja. Watoto wa namna ile walikuwa wamejigundulia nafuu wenyewe kabla ya mpasuaji yeyote: wakichoka kucheza, huchuchumaa. Mishipa ya miguu ikibanwa, damu nyingi zaidi huelekea kwenye mapafu. Muuguzi mwenye mtoto aliyegeuka buluu ghafla hufanya hilohilo, anamkunja magoti kifuani, anamtuliza, kisha oksijeni.

Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaundwa mwaka 2015. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India, na kwa watoto wengi wa Zanzibar, Israel. Baada ya upasuaji, muuguzi huandika kila saa mililita za damu zinazotoka kwenye mpira wa kifuani, mkojo, na joto la nyayo. Na huku vituoni kuna wale wa moyo ulioharibiwa na mafindofindo yasiyotibiwa, ambao sindano yao ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 hudumu miaka. Sindano hiyo inauma kweli, na nesi asiyejua kubembeleza hupoteza wagonjwa.

Mama mwenyewe alikuwa wapi? Uingereza ilikuwa ikimfukuza wodini hadi taarifa ya kamati ya Platt ya mwaka 1959 iliposhauri aruhusiwe kumwona mwanawe wakati wowote. Kwetu alikuwa amelala pembeni ya kitanda muda wote, kwa sababu wauguzi hawakutosha.

Mashine nazo ziliendelea kuja. Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi alibuni kifaa cha kupima oksijeni ya damu kwa mwanga unaopita mwilini. Leo nchi nyingi humpima hivyo mtoto mchanga, mkono wa kulia na mguu, baada ya saa 24 tangu azaliwe, ili kukamata kasoro za moyo kabla hajageuka buluu. Kwetu mama aliyejifungua salama mara nyingi ameshafika nyumbani saa hiyo. Kifaa chenyewe kina upofu wake: kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu ya ukweli, na mtoto mwenye damu kidogo mno anaweza kuonyesha 98 huku mwili wake ukikosa hewa, kwa kuwa kinapima jinsi damu iliyopo ilivyojaa, hakipimi ni kiasi gani ipo. Hata midomo haigeuki buluu kwa mtoto huyo. Ndiyo maana muuguzi mzoefu, akishaona 98, bado hufunua kope la chini na kutazama wekundu wake, kisha huanza kuhesabu pumzi.