Keneli ya kwanza ya Linux ilikompailiwa wapi?

Ukiandika make kwenye Linux kwa mara ya kwanza, mistari inakimbia kwenye skrini mpaka unajiuliza kama umeharibu kitu. Hujaharibu. Kompaila inachukua msimbo ulioandikwa na watu, hapa zaidi kwa lugha ya C, na kuugeuza kuwa maagizo ambayo prosesa inaweza kuyatekeleza. Ila kompaila nayo ni programu, inahitaji mfumo endeshi wa kufanyia kazi. Sasa Linux ya kwanza kabisa ilikompailiwa wapi, wakati Linux haikuwepo?

Ilikompailiwa kwenye Minix, mfumo mdogo wa kufundishia ulioandikwa na Profesa Andrew Tanenbaum. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliuendesha kwenye kompyuta yake ya 386. Toleo 0.01 la Septemba 1991 lilikuwa na mistari kama 10,000 tu. Kompaila yenyewe ilikuwa GCC, ambayo mradi wa GNU wa Richard Stallman uliitoa mwaka 1987. Huwa nakereka kidogo Linux inaposimuliwa kana kwamba kijana mmoja alijifungia chumbani akatoka na mfumo mzima. Bila GCC angebaki na maandishi tu.

Na wakati ule kukompaili hakukuwa mbwembwe. Kibodi ya Kifini ilikuwa imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Kama yako ni ya aina nyingine, ulifungua faili husika, ukarekebisha, ukajenga keneli upya. Diski vivyo hivyo. Yaani kile unachobofya leo kwenye mipangilio, wao walikikompaili.

Mwishoni mwa 1991 Torvalds alitaka kupiga simu kwa modemu, akaelekeza amri zile kwenye diski yake. Minix yake ikaharibika. Badala ya kuisakinisha tena, akahamia Linux moja kwa moja. Kufikia toleo 0.11, la Desemba mwaka huo, Linux iliweza kujikompaili yenyewe.

Hiyo make nayo ina kisa chake. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 huko Bell Labs, baada ya mwenzake kupoteza muda akisaka kosa alilokwisha kulirekebisha. Alikuwa amesahau tu kukompaili upya faili moja. Ndiyo maana make hulinganisha saa za mafaili na kujenga yaliyobadilika peke yake. Mara ya kwanza utangoja sana, mara ya pili mambo ni chapuchapu.

Leo keneli ina zaidi ya mistari milioni 30, kwa hiyo usijaribu kukompaili kila kitu. Kama laptopu yako ni ya zamani, chomeka kwanza vifaa vyote unavyotumia, kisha endesha make localmodconfig: itachagua moduli zinazotumika wakati huo tu. Halafu iache keneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia. Mpya ikigoma, unarudi kwenye ile unaendelea na kazi.