Kosplei Bila Kuchoma Ganji: Jinsi ya Kupata Patani na Kuibadilisha Ikukae Fiti

Wasee wa anime, hii ni yenu. Mara yangu ya kwanza kufanya kosplei nilinunua kitambaa cheusi, nikakipeleka kwa fundi, nikamwonyesha picha ya joho la Akatsuki kwa simu, kisha nikajitoa. Wiki moja baadaye nikapewa gauni la kwaya. Manze, nilichoka.

Lakini makosa yalikuwa yangu. Picha inaonyesha nguo ikiwa imevaliwa. Haimwambii fundi akate wapi. Kazi hiyo ni ya patani, zile karatasi za vipande vya nguo unazolaza juu ya kitambaa ndio ukate. Kama unajipanga kwa NAICCON ama shughuli nyingine ya kosplei, anzia hapa kabla ya kununua hata mita moja.

Usitafute mhusika, tafuta nguo

Hapa ndipo wengi hukwama. Jiulize: hii nguo ukiitoa mbwembwe ni nguo gani ya kawaida?

Joho la Akatsuki kwenye Naruto ni dustcoat tu. Imefunguka mbele, ina mikono mirefu, imeshuka moja kwa moja. Ongeza urefu, panua mikono, pandisha kola, weka mawingu mekundu. Sketi ya Sailor Moon ni ya marinda kama ya uniform ya shule. Marinda yakipangwa bila kuacha nafasi hula kitambaa karibu mara tatu ya kiuno, so kiuno cha sm 70 kinataka kama sm 210.

Haori ya Tanjiro wa Demon Slayer ndiyo rahisi zaidi. Ni vipande vya mstatili: mgongo, mbele mbili, mikono na ukanda wa shingoni. Hiyo unajichorea na rula.

Patani zinatoka wapi?

*Mtandaoni.* FreeSewing ni ya bure kabisa: unaingiza vipimo vyako, inakuchorea patani ya mwili wako. Simplicity na McCall's huuza zao, na wametoa hata za kosplei.

*Mtumba.* Ingia Gikomba ama Toi, tafuta nguo iliyozeeka yenye umbo unalotaka na inayokutosha. Ifumue mishono yote, ipige pasi, kisha chora kila kipande kwa gazeti. Ukifumua hivyo, nafasi ya mshono tayari iko ndani, usiiongeze tena.

*Kwa fundi.* Mafundi wengi wana patani za khaki wameziangika ukutani. Omba kwa heshima unakili ya dustcoat.

Ukienda saiba

Mwambie anayeprinti aweke asilimia 100, asiache mashine ipunguze ukurasa utoshee karatasi. Patani nyingi za PDF huwa na kisanduku cha kupimia kwa ukurasa wa kwanza. Printi ukurasa huo peke yake, upime kwa rula. Kama ni sm 10 na wewe unapata 9.6, simamisha kazi. Hiyo tofauti ndogo ikifika kifuani inakuwa noma.

Pima mwili, sahau saizi ya duka

Pima kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo na wa mkono. Tumia tepu, na msee mwingine akupime. Linganisha na jedwali la patani yenyewe, kwa sababu saizi 12 ya patani si saizi 12 ya dukani. Kama kifua kinaanguka saizi moja na nyonga nyingine, chora mstari wa kuunganisha hizo saizi mbili polepole. Cheki pia kama nafasi ya mshono imewekwa. Patani za Simplicity na McCall's kwa kawaida huacha sm 1.5.

Badilisha kwa karatasi kwanza

Kurefusha: kata karatasi kwa upana, zitenganishe, bandika karatasi nyingine katikati.

Kupanua chini: kata kutoka pindo kwenda juu, acha kidogo bila kukata, kisha fungua kama feni.

Kola ndefu: pima shingo ya patani yenyewe, si shingo yako, halafu chora kola ya urefu huo.

Sheria moja usisahau: mistari miwili itakayoshonwa pamoja lazima ilingane. Ukirefusha mbele, refusha na mgongo. Ukipanua shimo la mkono, mkono wenyewe unabadilika pia.

Jaribu na merikani

Usiguse kitambaa cha bei bado. Kata nguo ya majaribio kwa merikani ama shuka kuukuu, ishone kwa mishono mirefu, ivae. Inua mikono, kaa chini, piga ile pozi utakayopiga siku yenyewe. Mahali panabana, weka alama na kalamu, kisha rekebisha karatasi. Shuka likiharibika hulii. Mita nne za kitambaa kizuri cha Eastleigh zikiharibika, utalia.

Ukishakata kitambaa chenyewe, shona mawingu ya Akatsuki kabla ya kuunganisha pembeni, wakati kipande bado kimelala flat mezani. Ni rahisi kuliko kupigana na joho zima chini ya cherehani.

Kama utampa fundi

Mpelekee vitu vitatu: patani iliyorekebishwa, ile nguo ya majaribio, na picha za mbele, nyuma na kando. Kubalianeni siku ya kujaribu kabla hajamaliza, tena iwe angalau wiki mbili kabla ya shughuli.

Joho langu la pili lilitoka kwa patani ya dustcoat. Fundi alikuwa yule yule. Hii sasa hakuna aliyeniuliza naimba sauti gani.