Ridhaa ya Mteja: Msingi wa Matangazo ya Biashara kwa Barua Pepe

Barua pepe ni miongoni mwa njia kongwe za mawasiliano ya kompyuta. Mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao mwaka 1971, naye ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtumiaji na jina la kompyuta. Mwaka 1978, Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watu wapatao 400 ambao hawakuliomba. Tangazo hilo lilizua malalamiko, na hadi leo hutajwa kuwa barua taka ya kwanza.

Tangu wakati huo, mafanikio ya matangazo ya aina hii yamekuwa yakitegemea swali moja: je, mpokeaji alikubali kuandikiwa? Kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa mtandaoni, jibu la swali hilo lina uzito wa kisheria na wa kiufundi, na ndilo linaloamua iwapo ujumbe wake utamfikia mteja.

Kwa nini ujumbe haufiki

Kutuma ujumbe si sawa na kuufikisha. Kampuni zinazotoa huduma za barua pepe hupima kila ujumbe kabla ya kuamua kuuweka katika kikasha cha mpokeaji, kuupeleka kwenye barua taka au kuukataa kabisa. Miongoni mwa vigezo vinavyotumika ni sifa ya jina la kikoa la mtumaji, idadi ya anwani zisizokuwepo katika orodha yake, na idadi ya wapokeaji wanaouripoti ujumbe huo kuwa ni taka.

Kuanzia Februari 2024, Google na Yahoo ziliongeza masharti kwa watumaji. Kwa upande wa Gmail, anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake anatakiwa kuthibitisha kikoa chake na kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Watumaji wote, wakubwa kwa wadogo, wanatakiwa kuhakikisha kuwa kiwango cha malalamiko hakifikii asilimia 0.3, yaani watu watatu kati ya kila 1,000.

Kiwango hicho ni kidogo mno kwa mfanyabiashara aliyenunua orodha ya anwani za watu wasiomfahamu. Hasara yake pia haiishii kwenye tangazo moja. Sifa ya kikoa ikiharibika, hata stakabadhi ya malipo na taarifa ya kusafirishwa kwa mzigo, ambazo mteja halali anazisubiri, zinaweza kuangukia kwenye barua taka. Duka linaweza kupoteza wateja wake wa kudumu kwa sababu ya kuwatafuta wapya kwa njia isiyofaa.

Matakwa ya sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazuia kutuma matangazo ya biashara yasiyoombwa, isipokuwa pale ambapo mlaji ameridhia, mtumaji amejitambulisha pamoja na kueleza lengo la ujumbe, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa ujumbe mwingine.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inasimamia ukusanyaji na uchakataji wa taarifa za watu. Anwani ya barua pepe inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Hivyo, mwenye duka la mtandaoni anayehifadhi anwani za wateja anapaswa kuzingatia sheria hiyo, ikiwa ni pamoja na wajibu wa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuthibitisha kikoa

Hatua ya kwanza ya kiufundi ni kutumia anwani yenye jina la kikoa cha biashara badala ya anwani ya bure. Baada ya hapo, mtaalamu anayesimamia tovuti anaweza kuweka kumbukumbu tatu za uthibitishaji. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa niaba ya kikoa. DKIM huambatanisha sahihi ya kidijitali inayoonyesha kuwa ujumbe haukubadilishwa njiani. DMARC huelekeza seva ya mpokeaji hatua ya kuchukua endapo ujumbe haukuthibitika. Kumbukumbu hizi pia huwakinga wateja dhidi ya matapeli wanaojifanya kuwa duka husika.

Kujenga orodha safi

Orodha bora hujengwa hatua kwa hatua. Fomu ya kujiunga ieleze wazi kitakachotumwa na mara ngapi kitatumwa, na kisanduku cha kukubali kisiwe kimewekewa alama mapema. Kumtumia aliyejiunga ujumbe wa kuthibitisha anwani yake hupunguza makosa ya tahajia na kuzuia mtu kuandikishwa na mwingine bila kujua.

Orodha hiyo inahitaji kusafishwa. Anwani zilizokufa ziondolewe mara moja. Waliokaa miezi mingi bila kubofya chochote waulizwe kama bado wanahitaji taarifa, na wasiojibu waondolewe. Orodha fupi ya watu wanaosoma ina faida kuliko orodha ndefu ya watu wanaopuuza.

Kuandika ujumbe wenye manufaa

Wateja hawafanani. Mfanyabiashara wa viungo, kwa mfano, anaweza kuwagawa wateja wake katika makundi: mama lishe na hoteli zinazonunua kwa jumla, familia zinazonunua kwa rejareja, na waliojaza kikapu bila kukamilisha malipo. Kundi la kwanza linahitaji bei ya jumla na uhakika wa mzigo. La pili linaweza kufurahia maelekezo ya mapishi kabla ya Idd au Krismasi. La tatu linahitaji ukumbusho mfupi wenye maelezo ya namna ya kulipa.

Kichwa cha ujumbe kiwe kifupi, kwa kuwa skrini ya simu hukata maneno ya mwisho, na kilingane na kilichomo ndani. Kila ujumbe uwe na jambo moja kuu na kitufe kimoja kinachoonekana wazi. Picha nzito hula bando la mteja na huchelewa kufunguka, na Gmail hukata ujumbe ambao maandishi na misimbo yake inazidi takribani kilobaiti 102.

Kupima matokeo

Kwa miaka mingi idadi ya waliofungua ujumbe ndiyo iliyotumika kama kipimo kikuu. Kipimo hicho kimepungua nguvu tangu mwaka 2021, Apple ilipoweka ulinzi wa faragha unaopakua picha za ujumbe hata kabla mpokeaji hajausoma. Vipimo vya kuaminika zaidi ni idadi ya waliobofya, walionunua, waliojiondoa na waliolalamika.

Iwapo barua 1,000 zimefika, watu 40 wakabofya na 8 wakanunua, mauzo ni asilimia 0.8 ya barua zilizofika. Ili kuboresha matokeo hayo, orodha igawanywe kwa bahati nasibu katika sehemu mbili, kisha kibadilishwe kitu kimoja tu, kama vile kichwa cha ujumbe au siku ya kutuma. Vikibadilishwa vitu viwili kwa pamoja, haitajulikana kipi kilicholeta tofauti.

Kujiondoa kwa mteja nako kuheshimiwe. Anayeondoka kwa urahisi anaweza kurudi siku nyingine kununua. Anayezuiwa kuondoka hubofya kitufe cha kuripoti taka, na kwa kubofya huko huchangia kuwafungia mlango hata wateja wengine waliokuwa wakiusubiri ujumbe huo.