Windows ya njia ya panya

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo.

Mwandishi ukifika Tunduma, habari ya kwanza kukupokea ni ya magendo. Huku Tanzania, kule Nakonde ya Zambia, na katikati kuna vichochoro ambavyo kila mtu anaviita njia za panya. Nami nimeziandika sana habari hizo. Sasa jioni moja, miaka michache iliyopita, nilikuwa kwenye steshenari moja pale mjini nachapa habari ya shehena iliyokamatwa. Ghafla kioo kikawa cheusi, na pembeni chini yakatokea maneno kwamba nakala hii ya Windows si halali. Jamani! Naandika habari ya magendo kwa mashine ya magendo!

Dada mwenye duka hakushtuka. "Kaka, hiyo ni kawaida yake, wewe endelea tu." Nikaendelea, lakini swali likanikaa kichwani mpaka leo: hivi haya mambo ya funguo za Windows yalianzia wapi, na mwizi hapa ni nani hasa?

Tuanzie mbali. Tarehe 3 Februari 1976 kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates aliandika barua ya wazi kulalamika kwamba wapenzi wengi wa kompyuta Marekani walikuwa wanaiba programu yake ya BASIC badala ya kuinunua. Mwaka huohuo, tarehe 14 Julai, reli ya TAZARA inayopita hapa Tunduma ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Na sisi? Tangu 1974 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo katika lile kosa alilolilalamikia Gates, sisi hatukuwemo kabisa. Utaibaje programu wakati hata kompyuta hairuhusiwi kuingia?

Marufuku yalipolegezwa na kompyuta zikaanza kujaa miaka ya 1990, mlinzi wa Windows alikuwa mpole mno. Windows 95 iliomba namba, lakini haikumpigia mtu yeyote kuuliza. Kwenye namba ya sidii ya dukani ilijumlisha tarakimu saba za mwisho, na jumla ikigawanyika kwa 7 ilikuwa karibu imeridhika. Ni sawa na askari wa mpakani anayetazama kama karatasi ina muhuri, bila kujali muhuri ni wa nani.

Mambo yalibadilika Windows XP ilipotoka Oktoba 2001. Hii ilitazama vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, ikatengeneza utambulisho wake, kisha ikataka kibali kutoka makao makuu ndani ya siku 30. Asiye na intaneti alitakiwa kupiga simu, asome tarakimu 50, kisha asomewe nyingine 42 za kuingiza. Hebu fikiria zoezi hilo kwa vocha ya kukwangua! Na ukibadilisha vifaa vingi, unaweza kuambiwa uombe kibali upya.

Njia ya panya ikapatikana mapema. Makampuni makubwa yalipewa namba maalumu zisizohitaji kibali, na mojawapo ilivuja hata kabla XP haijaingia madukani. Ikasambaa dunia nzima kwenye sidii za kuandika kwa kalamu. Microsoft waliizuia katika maboresho ya mwaka 2002, mafundi wakatafuta nyingine. Mwaka 2005 ukaja ukaguzi wa uhalali, na 2008 kile kioo cheusi.

Hapa ndipo uchungu ulipo. Watu wengi waliokuwa na nakala za kukraki walizima maboresho yote kwa kuogopa kukamatwa, ingawa yale muhimu ya usalama yalikuwa yanatolewa hata kwao. Mwishoni mwa 2008 kirusi cha Conficker kikaingia kupitia tundu ambalo dawa yake ilishatolewa Oktoba ya mwaka huo, na kikasafiri pia kwa flashi. Fikiria steshenari inayopokea flashi za mji mzima: barua za kazi, ripoti za wanafunzi, wasia wa wazee.

Turudi kwa yule dada. Nilipoinama nikaona ubavuni mwa CPU yake stika ya leseni, ila namba zimefutika kwa kusuguliwa. Mashine ilikuwa mtumba. Leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa na mashine hiyohiyo, na mashine ikiuzwa leseni huenda nayo. Maana yake leseni ililipiwa zamani! Fundi alipopiga Windows upya alishindwa kusoma namba, akaweka ya kukraki. Wino ukamgeuza mwenye mali kuwa mwizi. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji walianza kuifungia namba ndani ya mazabodi kiwandani, lakini mashine kongwe zilishatoka.

Siwatetei wezi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, na mimi ninayetaka makala zangu zisiibiwe siwezi kushangilia za wengine zikiibiwa. Ila tusisahau kwamba njia halali bila gharama ilikuwepo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Wangapi kati yetu tuliigusa?

Mimi nilihamia Linux kwenye kompyuta yangu kuukuu wiki ileile. Kwa mwenye mashine ya zamani nashauri mambo mawili: piga picha stika kabla haijafutika, na kama kibali kinagoma angalia kwanza saa. Betri ya mazabodi ikifa tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na mlinzi hamwamini mtu anayetoka mwaka mwingine.

Mwaka 2019 Tunduma na Nakonde walifungua kituo cha pamoja, msafiri akaguliwe mara moja tu. Nadhani hata kwenye kompyuta, mpaka ukipitika kihalali bila kumchosha mtu, njia ya panya huota majani yenyewe.