Fimbo Iliyopakwa Rangi Peoria

Mwaka 1930, katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois nchini Marekani, mtu mmoja asiyeona alikuwa akihangaika kuvuka barabara. Mkononi alishika fimbo nyeusi. Barabara nayo ilikuwa nyeusi, na madereva waliokuja kwa kasi hawakuweza kuitofautisha fimbo na njia. George Bonham, mwenyekiti wa klabu ya Lions ya mji huo, aliyaona hayo akiwa kando. Akawapelekea wanachama wenzake wazo lisilo na gharama kubwa: fimbo ipakwe rangi nyeupe na kuzungushiwa mkanda mwekundu mpana. Wakakubali.

Klabu za Lions zilikuwa bado changa. Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago, ndiye aliyeziunganisha mwaka 1917, kwa kuwa hakuridhika na vyama vya wafanyabiashara waliokutana kwa chakula cha mchana na kutafutiana wateja, basi. Aliona kwamba watu wenye uwezo na ari ya namna ile wangeweza kuufaa mji wao. Lakini kuufaa kwa lipi? Jibu lililowaingia zaidi lilitoka kwa mwanamke ambaye hakuwa akiona wala kusikia tangu akiwa na miezi 19. Tarehe 30 Juni 1925, siku tatu baada ya kutimiza miaka 45, Helen Keller alihutubia mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe mashujaa wa wasioona katika vita dhidi ya giza. Ombi hilo wamelibeba hadi leo, na fimbo ya Peoria ilikuwa miongoni mwa matunda yake ya mapema.

Rangi pekee haimsimamishi dereva. Hilo watu wa Peoria walilijua, na kwa maoni yangu ndilo jambo la busara zaidi walilofanya. Desemba 1930 baraza la mji lilipitisha sheria ndogo: anayetembea na fimbo nyeupe apishwe barabarani. Mwaka uliofuata habari hizo zilifikishwa kwenye mkutano mkuu wa Lions mjini Toronto, Kanada, na klabu za miji mingine zikaanza kuzisukuma serikali zao. Kufikia 1956 kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria ya namna hiyo.

Haki itendeke, hata hivyo: wazo hilo halikuzaliwa Peoria peke yake. Huko Bristol, Uingereza, mpiga picha James Biggs alipoteza uwezo wa kuona kwa ajali, na mwaka 1921 akaipaka fimbo yake rangi nyeupe kwa kuhofia magari yaliyopita karibu na nyumbani kwake. Paris nako, Guilly d'Herbemont alivutiwa na virungu vyeupe vya askari wa barabarani. Februari 1931 alikabidhi fimbo nyeupe za kwanza, kisha akagawa maelfu, zikiwamo za askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo klabu za Rotary za Uingereza zikaingia katika kampeni hiyo. Mkanda mwekundu nao ukapata maana tofauti kwa Waingereza: fimbo nyeupe yenye mikanda myekundu ni ya mtu asiyeona na asiyesikia pia.

Mpaka hapo fimbo nyeupe ilikuwa ishara zaidi. Ilimwambia dereva kuna nani barabarani, ila mwenye fimbo haikumwambia mengi kuhusu shimo lililo mbele yake. Badiliko lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika hospitali ya kijeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, walikopelekwa askari waliopoteza macho vitani. Richard Hoover, aliyewahi kufundisha katika shule ya wasioona, aliitazama fimbo fupi iliyotumika, akaona ni ya kuegemea tu. Akatengeneza ndefu na nyepesi, kisha akafundisha namna ya kuitumia: ncha ipungwe kushoto na kulia karibu na ardhi, ikipapasa mahali mguu utakapokanyaga hatua inayofuata. Ngazi, mtaro na ukingo wa njia vikawa vinafika mkononi kabla ya kufika mguuni.

Kisha wasioona wenyewe wakaishika hoja. Jacobus tenBroek, mwanazuoni wa sheria ya katiba aliyepofuka akiwa mtoto, aliongoza shirikisho la wasioona la Marekani, na shirikisho hilo ndilo lililodai siku maalumu. Oktoba 1964 bunge la nchi hiyo lilipitisha azimio, na Rais Lyndon Johnson akaitangaza tarehe 15 ya mwezi huo kuwa Siku ya Fimbo Nyeupe. TenBroek hakuomba huruma ya madereva. Alidai kwamba asiyeona ana haki ya kuwapo barabarani kama mtu mwingine yeyote.

Kwetu Afrika Mashariki, fimbo nyingine inajulikana zaidi: ile yenye ncha mbili, moja kwa mzee asiyeona, ya pili kwa mtoto anayemwongoza sokoni. Siku ya kwenda sokoni mtoto hayuko darasani. Mwenye fimbo nyeupe, akifunzwa kuitumia, humwachia mtoto huyo aende shule.

Lions nao walifika huku, kwa kazi ya kuzuia upofu wenyewe. Mpango wao wa SightFirst, ulioanza mwaka 1990, umesaidia ugawaji wa dawa ya ugonjwa wa usubi katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo. Loresho, jijini Nairobi, ipo hospitali ya macho yenye jina la mpango huo, ambako watu wanaondolewa mtoto wa jicho. Nchini Tanzania, Chama cha Wasioona huiadhimisha Siku ya Fimbo Nyeupe kila mwaka, na miongoni mwa maombi yanayosikika hapo ni fimbo zenyewe, kwa wanachama ambao bado hawajapata hata moja.