Nyimbo za mugini ndani ya jazz

Leo, katika konseri nyingi za jazz kule Ulaya, tunasikia nyimbo za mugini zikichanganywa na miziki ya mabara mengine. Mmoja wa wale waliofungua njia hiyo ni mpiga piano wa Uswidi, Jan Johansson.

Jazz ilizaliwa Marekani, kwa watu weusi. Wengi Ulaya waliiga tu. Yeye alichukua nyimbo za bankambo wake, akazirekodi kati ya 1962 na 1964 pamoja na Georg Riedel: piano na besi, basi. Sahani hiyo, Jazz på svenska, iliuzwa kupita sahani zote za jazz za Uswidi. Kisha akashika nyimbo za Urusi (1967) na za Hungaria (1968). Mwaka ule ule wa 1968 akafa kwa aksida ya gari, akienda kupiga konseri kanisani. Alikuwa na miaka 37.

Nyimbo zile alizitoa wapi? Ndani ya vitabu vya Svenska låtar, vilivyochapwa toka 1922 mpaka 1940. Watu walipita kwa wazee wapiga violoni, wakaandika. Bila wao, angepiga nini?

Na siye, wazee wetu wanaenda mmoja mmoja. Nani anawaandika?