Bustani ya Amani na Asili ya Kisamvu cha Mpira

Katika mkoa wa Tanga na kwingineko Tanzania hupikwa mboga iitwayo kisamvu cha mpira. Jina hilo limebeba historia ya mashamba ya walowezi wa Kijerumani na ya bustani ya Amani, iliyoko milima ya Usambara Mashariki.

Wajerumani walianza kulima kahawa katika milima hiyo mwaka 1891, huko Derema. Walipouona msitu ulivyositawi walidhani kuwa udongo wake una rutuba isiyokwisha. Walipoufyeka, mvua ziliiondoa rutuba hiyo, na kahawa ikadhoofu. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ikaanzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani. Hapana budi kusisitiza kwamba bustani hii haikutengenezwa kwa ajili ya matembezi ya jioni. Miti ya kwinini, ya mpira, ya mbao na ya viungo iliagizwa kutoka mabara mengine, ikapandwa kuanzia bonde la Sigi hadi milimani, ili mlowezi apate kuambiwa apande nini. Mwenyeji alihesabiwa kuwa kibarua tu.

Mmoja wa miti iliyopendwa na walowezi ulikuwa mpira wa Ceará, uliotoka Brazili, nao ni ndugu wa muhogo. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa sababu ya ushindani wa mashamba ya Asia, na mengi ya mashamba hayo yakakosa faida. Mti wenyewe haukutoweka.

Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza waliitwaa Amani, wakaiacha izorote hadi tume ya mwaka 1925 ilipowalaumu. Kituo kikafufuliwa, na mwaka 1928 akafika Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Wakati huo muhogo, ambao ni chakula cha akiba katika pwani yote tokea visiwa vya Lamu hadi Kilwa, ulikuwa ukiharibiwa na batobato, ugonjwa ambao Warburg alikwisha kuueleza mwaka 1894 kutokana na habari za nchi hizi hizi. Storey na mwenzake Nichols walithibitisha kuwa huenezwa na inzi weupe. Na vipando vyenye ugonjwa huuhamisha kutoka shamba hadi shamba.

Nichols akajaribu kuuzalisha muhogo pamoja na ule mpira uliopuuzwa. Machotara wa kwanza walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa chakula, ikabidi warudishwe kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1957. Mbegu zake zilipelekwa Ibadan, Nigeria, zikawa chimbuko la aina zilizopandwa Uganda katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoyateketeza mashamba huko. Chakula cha mwenyeji kiliokolewa hivyo na mti ulioletwa kumtajirisha mlowezi, jambo ambalo waasisi wa taasisi hawakulikusudia.

Si kila mgeni wa Amani aliyeleta heri. Musizi, mti wa Uganda uliopandwa pale, uliingia katika msitu uliokatwa mbao, ukaenea mno. Bustani yenyewe imo ndani ya hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Nje ya mipaka yake, majani ya mpira wa Ceará bado hutwangwa kinuni na kupikwa kwa nazi.